Chujio Lililopakwa Oili

Kila Jumamosi asubuhi, kabla chai haijachemka, Injinia alikuwa tayari ameinama mbele ya gari la baba yake, boneti iko wazi na kitambaa kiko begani. Alikuwa na jina lake la shuleni, lakini nyumbani hakuna aliyejisumbua kulitumia. Alipokuwa na miaka minane alimwambia baba kwamba tairi la nyuma linapumua. Baba akacheka, kisha akaenda kutazama, akakuta msumari. Kuanzia siku hiyo akawa Injinia, na sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na jina lilikuwa limemkolea.

Kazi yake ilijulikana. Alipima maji ya rejeta, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha na kukichomoa tena, halafu akazunguka kubonyeza matairi. Gari lenyewe lilikuwa zee la haja, mlango mmoja wa buluu na mitatu ya kijivu. Paa lake lilikuwa limekwaruzwa na viti na vitanda ambavyo baba, aliyekuwa seremala, aliwapelekea wateja. Baba alipenda kuwaambia wageni, "Mimi naendesha tu. Mwenye gari ni yule pale." Injinia alijifanya hasikii, lakini maneno hayo yalimtosha kutembea kidevu juu siku nzima.

Jumamosi hii alikuwa na sababu ya kukazana zaidi. Mdogo wake, Kitinda, mwenye miaka sita, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Mboni zake zilikuwa na ukungu mweupe, na ukungu huo ulizidi kila mwezi. Alijua mchana na usiku, alijua dirisha likiwa wazi, na Injinia, dada yake, alimtambua kwa mlio wa nyayo tu. Daktari bingwa wa macho alikuja mara moja tu kwa mwaka, katika hospitali kubwa iliyokuwa upande wa pili wa milima, mwendo wa saa nne kwa gari. Mwaka uliopita Kitinda alirudishwa nyumbani kwa sababu ya homa. Safari hii barua ya hospitali ilisema aletwe Jumatatu kabla ya saa sita mchana, tumbo likiwa tupu, afanyiwe upasuaji wa macho yote mawili kwa mpigo mmoja. Jumanne daktari anaondoka. Chini kabisa daktari aliongeza kwa kalamu kwamba mtoto huyu asikose tena, kwa maana macho ya mtoto yakikaa mno bila kuona, ubongo husahau kuyatumia.

Mama alikuwa ameisoma barua hiyo mpaka mikunjo yake ikaanza kuchanika. Injinia naye alikuwa ameisoma kwa siri mara mbili. Alitaka gari lipande milima ile bila hata kukohoa, na alitaka ijulikane kwamba ni yeye aliyeliandaa.

Jirani yao alikuwa dereva wa pikipiki, kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Kelele kwa jinsi chombo chake kilivyowaamsha watu. Asubuhi hiyo alikuwa amechuchumaa nje ya ukuta, ametoa chujio la hewa la pikipiki yake, kipande cha sponji cheusi. Alilisafisha kwa petroli, akalikamua, akalikausha, kisha akalipaka oili kidogo kidogo kwa vidole.

"Mbona unalichafua tena?" Injinia aliuliza.

"Nalichafua? Wewe Injinia gani?" Kelele alicheka. "Oili ndiyo inakamata vumbi, mdogo wangu. Hewa inapita, vumbi linabaki. Hapo chombo kinapumua raha mustarehe."

Injinia alilimeza somo hilo zima bila kutafuna. Alirudi kwenye gari, akafungua klipu nne za boksi la chujio, akakuta chujio la karatasi lenye vumbi kidogo. Baba alikuwa amelinunua jipya mwezi uliopita. Alilikung'uta, akachukua kopo la oili kutoka karakana ya baba, akalipaka kila mkunjo mpaka karatasi yote ikang'aa. Kelele alipaka kidogo, basi yeye akaona akipaka nyingi itafaa zaidi. Alilirudisha, akafunga klipu, akanawa mikono kwa sabuni ya vyombo. Hakumwambia mtu. Alipanga kusema wakiwa juu kabisa mlimani, gari likivuta vizuri na baba akilisifia.

Jumapili jioni baba alikwenda kujaza petroli. Aliporudi alisema gari limekohoa mara mbili njiani. "Kituo kile kitakuwa kimechakachua mafuta," alinung'unika. Injinia alilikumbuka lile chujio. Kisha akajiambia kwamba baba anayajua mafuta kuliko yeye, akaenda kulala.

Jumatatu waliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama alikaa nyuma na Kitinda. Injinia alikaa mbele na baba. Kitinda hakuwa ametia kitu kinywani tangu usiku, hata maji, na njaa ilikuwa imemfungua mdomo.

"Mama, daktari akimaliza nitakula?"

"Utakula."

"Mkate?"

"Mkate."

"Mzima? Peke yangu? Dada asiguse hata ukoko?"

"Dada tutamfunga kamba," mama alisema, na wote wakacheka. Kilikuwa kicheko chao cha mwisho siku hiyo.

Barabara ilipoanza kupanda, gari lilibadilika. Baba alikanyaga mafuta na injini badala ya kuvuta ikalegea, ikashtuka, ikavuta kidogo, ikalegea tena. Taa ya njano yenye umbo la injini iliwaka kwenye dashibodi. Baba alirudisha gia ya pili, halafu ya kwanza. Walipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kila baada ya mita mia injini ilizimika, baba akaiwasha upya huku akiuma meno. Mabasi ya kupanda yalikuwa yamekwisha kupita alfajiri. Magari machache waliyokutana nayo yalikuwa yakishuka, na mawili yaliyowapita yalikuwa yamejaa hadi mlangoni. Saa mbili ikapita. Saa tatu ilipogonga waliona gereji ya mabati kando ya njia panda, na gari likajizimia lenyewe mbele yake.

Mwenye gereji alijitokeza chini ya lori, miguu kwanza. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, amevaa ovaroli iliyowahi kuwa ya rangi fulani, na spana tatu mfukoni. Ubao juu ya mlango uliandikwa kwa rangi nyekundu: MAMA SPANA.

"Shikamoo, mama," Injinia alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nani mgonjwa hapa, gari au nyie? Mbona nyuso zimewashuka hivyo?"

Baba alieleza haraka haraka: mtoto, macho, daktari, saa sita. Kutoka pale hadi hospitali kulikuwa na mwendo wa saa mbili. Mama Spana aliacha utani papo hapo. Alileta kifaa chake cha kusomea magari, akakichomeka chini ya usukani, akatazama kioo chake kidogo, kisha akainua boneti.

"Kinasema injini inapata petroli kidogo kuliko inavyohitaji," alisema. "Ama mafuta hayafiki, ama hewa inahesabiwa vibaya. Mlijaza wapi?"

"Kituo cha pale kwetu, jana. Na hapo hapo ndipo lilipoanza kukohoa."

"Na chujio la hewa je? Kuna mtu amefungua huku mbele?"

"Hakuna," baba alisema. "Chujio ni jipya, nimeliweka mwenyewe mwezi uliopita. Halafu nina mkaguzi wangu." Alimshika Injinia bega, na ingawa uso wake ulikuwa wa kijivu kwa wasiwasi, alijitahidi kutabasamu. "Huyu hulikagua kila Jumamosi. Hakuna nati inayolegea asijue."

Mama Spana alimgeukia Injinia. "Wewe, binti, ulifungua chochote?"

Mkono wa baba bado ulikuwa begani. Injinia aliutazama mkono huo.

"Hapana," alisema.

Neno lilitoka jepesi tu. Mama Spana akaitikia kwa kichwa, akafunga boneti, akaenda nyuma ya gari. "Basi ni mafuta," alisema. "Tuanze huko."

Alianza na chujio la petroli chini ya gari. Alilibadilisha, akawasha injini, yakawa yale yale. Alitoa plagi moja baada ya nyingine, akazitazama dhidi ya mwanga, zote nzima. Saa nne ikapita. Kisha akang'oa kiti cha nyuma ili aifikie pampu ya mafuta iliyomo ndani ya tangi, na Kitinda akahamishiwa kwenye benchi la mbao kivulini. Bolti za pampu zilikuwa na kutu. Mama Spana alizipigania mpaka jasho likamtiririka puani, na kila alipopumzika alitazama saa ya mkononi, halafu akatazama mtoto.

Injinia alisimama kando ya ukuta wa bati. Alijua. Hakujua ni kwa namna gani oili ilikuwa imeliumiza gari, lakini alijua fundi anatafuta upande usio na kitu, na anatafuta huko kwa sababu yake. Mara tatu alipiga hatua kwenda kusema. Mara tatu alimwona baba akimshikia Mama Spana tochi, akakumbuka mkono ule begani, akarudi ukutani. Alijiambia kwamba pengine kweli ni pampu. Alijiambia kwamba akisema sasa itakuwa vibaya kuliko angesema mwanzo, na kila dakika iliyopita ilizidi kulifanya neno hilo kuwa zito.

Mama alipiga simu hospitali, akapokewa na muuguzi. Injinia alimwona akisikiliza, akiitikia "ndiyo, dada, naelewa," sauti ikizidi kufifia. Alipokata alibaki ameishikilia simu kifuani.

"Anasema saa sita," alimwambia baba. "Baada ya hapo hana la kutuahidi."

Baba alikwenda akaketi juu ya tairi bovu, akashika tama. Alikuwa mtu wa kupiga miluzi hata akijigonga nyundo kidoleni. Sasa alikaa akitazama ardhi iliyolowa oili. Injinia hakuwahi kumwona hivyo. Ilimtisha kuliko kugombezwa.

Kwenye benchi, Kitinda alikuwa amelia njaa, kisha akalia kiu, na sasa alikuwa amenyamaza. Midomo yake ilikuwa na weupe. Mama alimpepea kwa ile barua.

Saa tano Mama Spana alitoka garini na pampu mkononi, petroli ikimdondoka kiwikoni. Aliigeuza, akaitikisa, akainusa.

"Siioni kasoro," alisema kwa uchovu. "Lakini nimemaliza yote ya upande huu. Lililobaki ni kuhukumu kwamba pampu inachoka ikipata joto. Mpya sina. Naweza kuiagiza, itafika kesho."

"Kesho daktari hayupo," mama alisema, na ndipo alipoanza kulia, waziwazi, bila kujificha.

Kitinda aliinua kichwa akisikiliza kilio kile. Alinyoosha mkono hewani, akitafuta.

"Dada uko wapi? Mwambie Mama asilie. Wewe si Injinia? Litengeneze."

Hapo Injinia hakuweza tena. Miguu yake ilimpeleka yenyewe hadi mbele ya Mama Spana.

"Ni mimi," alisema. "Nilifungua. Nilitoa chujio la hewa Jumamosi nikalipaka oili. Nyingi."

Baba aliinuka juu ya tairi polepole.

"Ulifanya nini?"

"Nilimwona Kelele akipaka la pikipiki yake. Nilidhani ni dawa."

"Umesimama hapa saa mbili!" Sauti ya baba ilipasuka. "Saa mbili, mtoto huyu anakauka kwa kiu, na wewe unatutazama tu!"

Mama Spana aliinua mkono mchafu kati yao. "Mtamgombeza baadaye, baba, na mimi nitakusaidia. Sasa hivi nauhitaji mdomo wake. Binti, oili ya namna gani? Ya injini? Ulipaka pande zote? Haya. Baba, rudisha hiyo pampu, bolti sita, kaza kwa kukatiza, moja kisha ya upande wa pili. Upesi!"

Alifungua boneti, akafyatua klipu nne. Chujio lilitoka zito, limelowa, karatasi imejikunja. Oili ilikuwa imetambaa ndani ya bomba linalopeleka hewa kwenye injini. Mama Spana alipiga mluzi wa chini.

"Sponji ya pikipiki inaweza kubeba oili," alisema huku akifanya kazi. "Karatasi haiwezi. Inaitema, na injini inaivuta. Na hapa mlangoni pa injini kuna kitu kinaitwa sensa ya hewa. Kiko hapa."

Baba alipokaza bolti ya mwisho, Mama Spana hakuigusa sensa kwanza. Alichomoa soketi ya nyaya zake tu. "Tuhakikishe kabla ya kushangilia. Nimekosea mara moja leo, inatosha. Washa, kanyaga!"

Injini iliwaka, ikakwaruza koo, kisha baba alipokanyaga ikapanda juu bila kulegea. Alikanyaga tena. Ikapanda tena. Mama aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Umeona?" Mama Spana alimwambia Injinia. "Sensa ikiwa imechomolewa, kompyuta ya gari inakisia hewa ni kiasi gani. Kukisia kwake ni afadhali kuliko kupewa habari za uongo. Zima!"

"Twende hivyo hivyo!" baba alisihi.

"Uende hivyo likufie kwenye mlima wa pili? Dakika ishirini, baba. Nipe dakika ishirini."

Alifungua skrubu mbili, akaitoa sensa, kitu kidogo cha plastiki, akamwonyesha Injinia tundu lililokuwa ndani yake. Humo mlikuwa na waya mwembamba kuliko unywele, umefunikwa utando wa kahawia.

"Waya huu hupata moto. Hewa ikipita inaupoza, na kwa kupoa huko kompyuta inajua hewa imeingia kiasi gani, ndipo inatoa petroli ya kulingana. Wewe umeuvisha koti. Upepo unapita nao hausikii. Unasema hewa ni kidogo, kompyuta inatoa petroli kidogo, injini inakufa njaa."

Injinia, kwa mazoea, alinyoosha kitambaa chake.

"Usiguse!" Mama Spana aliuvuta mkono wake. "Ukiupangusa umeukata, na hapo hakuna hospitali leo wala kesho."

Alichukua kopo la dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme, akaupulizia waya kwa mbali, mara kumi na zaidi, mpaka matone yaliyodondoka yakawa safi. Kisha akaiweka sensa juani ikauke. Zilikuwa dakika kumi ndefu kuliko zote. Mama Spana alifuta bomba la hewa, akaenda kwenye gari la aina ile ile lililokuwa limeegeshwa juu ya mawe bila injini, akatoa chujio lake, akalikung'uta. Injinia alishika kila alichopewa. Machozi yalimchuruzika, naye hakuyafuta kwa kuwa mikono yake ilikuwa na oili.

Saa sita kasoro dakika kumi gari liliondoka. Lilipanda mlima wa kwanza kwa gia ya tatu, na mlima wa pili pia. Hakuna aliyelisifia.

Walifika saa nane kasoro dakika kumi. Muuguzi wa mapokezi alitazama barua, akatazama saa ya ukutani, akafungua kinywa kukataa, kisha akamwona Kitinda alivyolegea begani kwa mama, akaingia ndani mbio. Daktari alitoka mwenyewe, barakoa ikining'inia shingoni, macho mekundu kwa uchovu.

"Nilikuwa nimemtengea muda wa saa mbili," alisema. "Nafasi yake nimekwisha kumpa mwingine, na mtaalamu wangu wa dawa ya usingizi anaondoka saa kumi. Naweza kufanya jicho moja. La pili nitalifanya mwakani."

"Mwakani litakuwa bado linafaa?" baba aliuliza.

Daktari hakudanganya. "Natumaini. Lingekuwa bora leo."

Injinia alikuwa hodari wa hesabu, na hesabu hii ilijifanya yenyewe kichwani. Waliingia gereji saa tatu. Kazi yenyewe ilichukua chini ya saa moja. Angesema pale alipoulizwa, wangefika kabla ya saa sita, na macho yangekuwa mawili. Alijifungia msalani akalia hadi akaishiwa pumzi.

Asubuhi ya Jumanne muuguzi aliifungua bandeji. Kitinda alifumba jicho, akalifumbua, akalifumba tena. Aliitazama mikono yake kwanza, kidole kimoja kimoja. Akamtazama mama, akagusa pua yake, akacheka. Akamtazama baba. Mwishowe akageukia upande wa kitanda alikosimama Injinia, akamkodolea kwa muda mrefu.

"Dada, macho yako mbona mekundu? Umelia?"

Hakuwa amewahi kuulizwa swali hilo na Kitinda. Injinia alikuwa karibu kusema ni vumbi. Alivuta pumzi.

"Nimelia, ndiyo. Mimi ndiye niliyeharibu gari. Halafu niliulizwa nikakataa. Tulichelewa kwa sababu yangu, na ndiyo maana hilo jicho jingine halijafanywa."

Kitinda aligusa jicho lililokuwa bado na ukungu. Alifikiri, midomo ameibinua.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwakani."

"Ni siku nyingi," Kitinda alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema tu kama ilivyo, kisha akaomba mkate wake.

Injinia alitoka akakaa kwenye ngazi za nje. Baba alimfuata, akaketi kando yake. Tangu jana hawakuwa wamezungumza.

"Oili ile nilikwisha kukusamehe tulipokuwa bado gereji," baba alisema. "Ulitaka kusaidia. Hata mimi nimepasua mbao nyingi nikijifunza, na nitapasua nyingine. Kosa la mikono hurekebishwa kwa mikono. Lakini yule mama alikuuliza, ukampa jibu la uongo, naye akalifanyia kazi kwa nguvu zake zote saa mbili nzima. Mdogo wako atalipia saa hizo mwaka mzima. Unaelewa?"

"Naelewa, Baba."

"Ukikosea, sema. Sema ukiwa unatetemeka, sema ukiwa unalia, lakini sema mapema, wakati neno lako bado lina faida kwa mtu." Alijikuna ndevu. "Na mimi nina langu. Nilikusifia mbele za watu hadi ukaogopa kuonekana umekosea. Hilo nitalirekebisha."

Injinia alifuta pua kwa mkono wa gauni. "Bado mimi ni Injinia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hilo tutaliona," baba alisema. "Tunarudi kwa njia ile ile. Tutasimama gereji, nawe utamwomba radhi Mama Spana mwenyewe, mimi nikiwa garini."

Injinia aliitikia kwa kichwa. Ndani, Kitinda alikuwa akiuliza kwa sauti ya juu kitu kile chekundu ukutani ni nini, na kile cha kando yake, na kile kingine, na mama alikuwa akimjibu kimoja kimoja.